Daftari lililopanda basi

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumatatu. Coaster inanguruma chini ya mwembe wa shule ya msingi. Juu ya keria spika mbili zimefungwa turubai, nyuma kuna jenereta, na chini ya siti ya mwisho kuna kuku watatu waliofungwa miguu na kiroba cha michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa. Kina mama wa kwaya ya mtaa wanaimba wimbo wa kuaga. Nusu ya wageni wanalia. Mwinjilisti anapita dirisha hadi dirisha akishika mikono: wabeja, wabeja sana, asanteni kwa Kisukuma.

Mbele, kati ya kioo na chupa ya maji ya dereva, kuna kaunta buku. Ndani yake yameandikwa majina 210 ya watu walionyoosha mkono katika siku tano za mkutano wa injili wa timu ya misheni kutoka mjini.

Mlango unafungwa. Coaster inaondoka.

Daftari linaondoka nayo.

Kijiji sikitaji, kwa sababu ukibadilisha jina la kijiji hakuna kinachobadilika. Weka Meatu, weka Maswa, weka Busega, wilaya yoyote ya Usukumani. Weka wanafunzi wa chuo au kwaya ya mjini. Jumapili inayofuata ripoti itasomwa kanisani kwao, “waliookoka 210”, watu watapiga makofi na vigelegele, na hakuna atakayeuliza daftari liko wapi. Wiki kadhaa sasa swali hilo linanizunguka kichwani kama nzi: yale majina yanafanya nini mjini?

## Hesabu ya baiskeli

Tumchukue mwinjilisti wa mtaa, yaani wa kanisa dogo la kijijini, kama alivyo. Ana baiskeli, ana shamba, ana watoto shuleni, na mchungaji wake anahudumia mitaa mingine kadhaa kwa hiyo humwona mara moja moja. Akijitahidi, atatembelea kaya nne Jumanne jioni na nne Alhamisi. Nane kwa wiki.

Majina 210 kwa nane ni wiki 26.

Misheni nyingi za Usukumani hufanyika Julai hadi Septemba, vyuo vikiwa vimefungwa, mavuno yako ndani na pamba inauzwa. Ni msimu uleule ambao tangu zamani ni wa ngoma, wa Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma ya Wasukuma, kushindana nani atavuta watu wengi. (Ndiyo maana uwanja hujaa. Wahubiri wa mjini hudhani ni spika.) Ukianza kutembelea mwanzoni mwa Septemba, wiki 26 zinakufikisha mwisho wa Februari. Lakini Novemba mvua inaanza, na mwinjilisti naye ana jembe. Kabla hajaingia shambani atakuwa amefikia kaya kama 80.

Hapo nimechukulia kwamba daftari analo.

## Mkono umenyooshwa kwa ajili gani

Aliyepewa kazi ya kuandika majina mara nyingi ndiye mdogo kuliko wote kwenye timu. Jua linashuka, kibali kinaishia saa kumi na mbili jioni, mtu wa mitambo ameshaanza kukunja nyaya. Watu 40 wamesimama mbele. Anaandika: Neema. Masanja. Mama Juma. Masanja.

Masanja yupi? Usukumani ukiita Masanja kwenye mkutano watageuka sita.

Ukurasa unaofaa una safu chache tu: jina kamili, jina analoitwa kijijini, la Mama fulani au Ng’wana fulani, kitongoji, balozi wake, na kitu kinachoonekana karibu na nyumba, kama mashine ya kusaga, mkwaju au duka lenye rangi ya mtandao wa simu. Namba ya simu iandikwe pamoja na jina la mwenye simu, maana mara nyingi ni ya mtoto aliye Mwanza. Kisha kanisa alilowahi kusali, kama lipo.

Safu ambayo karibu kila daftari linaikosa ni ya sababu. Amekuja kuokoka kwa mara ya kwanza? Alikuwa muumini akarudi nyuma? Amekuja kuombewa mgongo? Mhubiri akisema kwa pumzi moja “anayetaka kuokoka, anayetaka kuponywa, mwenye shida yoyote, njoo mbele”, wote wanaingia kwenye hesabu moja, na mwenye mgongo anarudi nyumbani bila kujua kwamba mjini ametangazwa kuwa ameokoka.

Halafu kuna watoto. Uwanja ni wa shule. Darasa la tatu hunyoosha mkono Jumatano, Alhamisi na Ijumaa, kwa furaha ileile wanayonyooshea mkono mwalimu akiuliza nani anataka kufuta ubao. Waandikwe kwenye ukurasa wao, na mzazi aambiwe. Wakichanganywa na watu wazima, mwinjilisti atafunga safari ya kilomita sita kumtafuta “Kulwa”, amkute anachunga mbuzi, na mama mtu akiuliza kwa sauti ya kujizuia: mwanangu mmemwandikisha nini?

Jumapili asubuhi, kabla ya ibada, watu wawili wakae na mwinjilisti na mzee mmoja wa kanisa wapitie majina yote. Inachukua saa mbili. Masanja waliojirudia wanafutwa, waliotoka kijiji cha pili wanatengwa, na wenyeji wanasema “huyu ni mzee wetu wa kanisa, alisimama kuwatia moyo vijana”. Namba itashuka. Iacheni ishuke.

## Picha ya ukurasa

Wengine wanasema: hakuna shida, tutapiga picha daftari tulitume kwenye kundi la WhatsApp.

Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na imani ya dini ni miongoni mwa taarifa ambazo sheria hiyo inaziita nyeti. Sheria kando, kijijini jambo hili ni zito kuliko linavyoonekana mjini. Mwanamke ambaye mumewe hakujua alisimama mbele, kijana ambaye baba yake ni mganga wa jadi, Mwislamu aliyekuja kusikiliza: majina yao yakizunguka kwenye simu za watu 90, yatarudi kijijini kabla ya mwinjilisti kupanda baiskeli. Nakala ni mbili, na zote za karatasi. Moja kwa mwinjilisti, moja kwa mchungaji wake.

Timu ibaki na namba tu.

## Nani anashika kipaza sauti

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wanamisheni hukaa siku sita na jembe hawaligusi, kwa sababu kila kitu wamekuja nacho: mpishi wao, mhubiri wao, mwimbishaji wao. Mwenyeji anabaki na kazi mbili, kutafsiri Kisukuma na kulinda viti usiku.

Makabidhiano yanayoachwa mpaka Jumapili jioni huishia kwenye maneno matano: “Sasa tunawaachia mchungaji wenu hapa.” Watu hawamjui. Siku tano walizosikiliza, sauti iliyotoka kwenye spika ilikuwa ya mgeni.

Kipaza sauti kihame mapema. Siku ya tatu mwinjilisti afungue mkutano kwa dakika kumi, si kwa matangazo, kwa Neno. Siku ya nne ashuhudie mtu wa kitongoji kile kile, ambaye watu wanamdai na kumkopesha na wanajua alivyokuwa. Siku ya mwisho mhubiri mgeni apewe robo saa na asitoe mwito mpya. Najua hili linauma. Mwito wa Jumapili ndio unaojaza uwanja na ndio unaopigwa picha. Lakini anayesimama Jumapili saa kumi na moja na nusu ataandikwa haraka haraka, na asubuhi waliomwandika hawapo.

Angalieni kalenda ya mnada pia kabla ya kuchagua tarehe. Siku ya mnada hata wazee wa kanisa hawapo, wameenda kuuza mbuzi. Timu zimewahi kuweka kilele cha mkutano siku hiyo, zikahubiria watoto na mbwa, kisha zikaandika kwamba kulikuwa na upinzani wa kiroho.

## Lambo

Ubatizo wa siku ya mwisho kwenye lambo, bwawa la kijiji, una mvuto wake, na nina mashaka nao kwa sababu mbili.

Ya kwanza ni ya kanisa. Wageni huwa wamechanganyika, huyu Mlutheri, huyu wa AICT (Africa Inland Church Tanzania), yule Mpentekoste, na kila kanisa lina utaratibu wake. Mengi yana darasa kabla ya maji. Akibatizwa haraka haraka na timu isiyo ya kanisa lolote la pale, Jumatatu anakuwa wa nani? Yapo makanisa yatakayomwambia ubatizo ule hayautambui, na atabaki anashangaa amefanya kosa gani.

Ya pili ni konokono.

Kanda ya Ziwa ni nchi ya kichocho. Vimelea hutoka kwenye konokono wa majini na kuingia kwenye ngozi ndani ya dakika chache, na huwa wengi zaidi jua likiwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Huo ndio muda ambao ibada imeisha na msafara unaelekea lamboni kwa nyimbo. Mchungaji anasimama majini mpaka kiunoni saa nzima, akibatiza 30. Kama ni lazima iwe lamboni, iwe saa moja asubuhi, mbali na matete na nyasi za pembeni ambako konokono hukaa. Wala mtu asimeze praziquantel, dawa ya kichocho, jioni ile ile akadhani amemaliza: dawa hiyo huua minyoo iliyokomaa na haifanyi kitu cha maana kwa michanga. Hutumiwa wiki sita hadi nane baadaye. Mgeni anayeona damu kwenye mkojo Novemba amwambie daktari kwamba Agosti aliingia lamboni, maana mjini hakuna atakayewaza hivyo.

Kuna wanaochimba shimo na kulitandika turubai. Maji yakikaa humo siku mbili bila konokono ni salama, vimelea hawaishi muda huo. Ila fanya hesabu: shimo la mita mbili kwa moja na nusu, kina cha mita moja, ni lita 3,000. Ndoo 150 za lita 20. Mwezi Agosti, kichwani mwa kina mama wale wale waliopika.

Mimi ningesubiri darasa liishe. Mvua itakuwa imekuja, na mchungaji wao atakuwepo.

## Boksi la dawa

Hapa ndipo siku ya mwisho hufanya madhara yanayoonekana kwa macho, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Timu ikiwa na kliniki, ifunge Jumamosi saa nane mchana, na uandikishaji usimame saa nne. Kliniki ya Jumapili ni ya kukimbizana. Mseto, dawa ya malaria, unabaki boksi moja na foleni ina watu kumi, basi mtu mwenye huruma anaanza kugawa. Dozi ya mtu mzima mwenye kilo 35 au zaidi ni vidonge vinne, mara mbili kwa siku, siku tatu: 24. Ukimpa kila mmoja vinane hujawatibu watatu. Umewapunguzia homa watatu na kuwaachia wadudu.

Mwenye presha ni tatizo jingine kabisa. Anakuja mzee anatembea vizuri, anatania, mashine inasoma 190 kwa 110. Anakalishwa dakika tano, anapimwa tena, ni ile ile. Anapewa vidonge 30 vya amlodipine, kimoja kila siku, na kuombewa. Siku ya 31 hana dawa, na kwa kuwa hakuwahi kujisikia mgonjwa, haoni sababu ya kuitafuta. Tena ameshasikia ushuhuda wa kuponywa uwanjani.

Njia ya kumsaidia huanza kabla ya safari. Nendeni zahanati iliyo jirani, au kituo cha afya cha kata, mumwulize mganga mfawidhi ana dawa gani ya presha kwenye rafu na anaipata mara kwa mara. Mwanzisheni mgonjwa kwa hiyo hiyo, hata kama mmebeba nyingine nzuri zaidi kutoka kwa wafadhili. Mpeni kadi yenye vipimo vyote viwili, tarehe, jina la dawa, nguvu yake, na siku ya kwenda zahanati, ambayo iwe kabla ya vidonge kuisha. Orodha ya wagonjwa wa namna hii ikabidhiwe mganga mfawidhi mwenyewe. Mwinjilisti hahitaji kujua nani ana sukari.

Dawa zilizobaki zisiachwe nyumbani kwa mchungaji. Mama mchungaji ataanza kuzigawa kwa wema wake wote, na siku moja atampa mjamzito aliye katika miezi mitatu ya mwanzo albendazole, dawa ya minyoo, jambo lisilotakiwa. Zinakabidhiwa zahanati kwa karatasi: jina, nguvu, idadi, namba ya toleo, tarehe ya kuisha muda, sahihi mbili. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu misaada ya dawa umesema tangu miaka ya 1990 kwamba dawa inapofika iwe imebakiza angalau mwaka mmoja. Yenye miezi miwili, chupa iliyofunguliwa, vidonge vilivyotolewa kwenye pakiti yake, vyote vinarudi na gari. Havitupwi kwenye choo cha shule. Sindano zilizotumika zinaingia kwenye kisanduku cha usalama, kinafungwa kikifika robo tatu, na kinaenda zahanati kuchomwa.

Na miwani. Timu huacha Biblia 50 kwa watu wenye zaidi ya miaka 50, herufi zenyewe ndogo kama mtama. Mtu wa miaka 45 mara nyingi anahitaji lenzi ya nguvu ya +1.00 hadi +1.50 kusomea, wa 60 anakaribia +2.50. Mpe karatasi aishike kama sentimita 40 kutoka machoni, panda robo kwa robo mpaka asome, usipite hapo. Asiyejua kusoma mpe uzi na sindano. Katika yote yanayobaki kijijini baada ya misheni, miwani ndiyo niliyo na uhakika nayo.

## Jenereta, kwa kifupi

Lifungwe bomba la mafuta huku linaunguruma, liachwe mpaka lizime lenyewe, ili kabureta ikauke. Petroli iliyolala humo miezi hugeuka gundi na misheni ijayo halitawaka. Petroli ya akiba msisafiri nayo ndani ya gari lenye watu. Auziwe bodaboda.

## Tutarudi

Neno hili husemwa dirishani, gari likianza kusogea. Tutarudi. Mwakani tutarudi na bati. Tutarudi na kisima.

Sidhani ni uongo. Anayelisema ana miaka 22, kwa siku sita amelala darasani kwenye mkeka, amekula ugali wa watu wasiomjua, wamemwita mwanangu. Anasema kilicho moyoni. Jumatano atakuwa na mtihani wa marudio.

Ila kijijini neno lina uzito. Mzee wa kanisa aliyesikia “bati” atasimamisha harambee ya nyasi, kwa nini kuezeka mara mbili? Kuta za matofali mabichi zitapigwa na mvua ya Novemba, na ya Desemba. Machi kuta zimelala.

Kanda hii ina kumbukumbu ya mgeni wa aina nyingine. Alexander Mackay, Mskoti, fundi wa mitambo, aliondoka Uingereza mwaka 1876 akaja Buganda, na alipofukuzwa huko akahamia Usambiro, kusini mwa Ziwa Victoria. Alikufa hapo kwa malaria Februari 1890. Katika miaka 14 hiyo hakurudi kwao hata mara moja. Simtaji ili kumwaibisha mwanafunzi mwenye likizo ya wiki mbili. Nyakati ni tofauti, na tofauti kubwa zaidi ni kwamba leo anayekaa miaka 14 yupo tayari. Ni yule mwenye baiskeli, na kwake hakuna anayekuja kumpiga picha.

Nimejiuliza kama basi misheni hizi ziachwe. Sijafika huko. Watu hukusanyika kwa mgeni ambao kwa mwenyeji hawangekusanyika, hilo ni kweli tangu zamani, mgeni njoo mwenyeji apone. Kinachonisumbua ni bajeti. Kuna mstari wa mafuta, wa chakula, wa fulana zenye jina la misheni mgongoni. Ufuatiliaji una mstari pia, na mbele yake kuna dashi. Bei ya fulana 30 ingenunua tairi mbili mpya za baiskeli, pampu, na vocha ya miezi sita, na chenji ingebaki.

## Ukurasa wa kitongoji

Majina yagawanywe kwa vitongoji, kila kitongoji ukurasa wake. Vitongoji sita, watu wawili kila kimoja, wote wenyeji, wasiwe wa ukoo mmoja. Majina 210 yaliyochujwa, tuseme yakabaki 120, ni kaya 20 kwa kila jozi. Kaya tano kwa wiki, mwezi mmoja, kabla Novemba haijafika. Hawa 12 wasimamishwe mbele ya watu Jumapili mchana, mmoja mmoja kwa jina na kitongoji, na mwenyekiti wa kitongoji awepo awasikie, wasije wakaonekana wanazunguka nyumba za watu jioni sungusungu wakawashika.

Ziara ya kwanza ifanyike ndani ya siku saba. Isiwe ya kufundisha. Wanakaa, wanapewa maji, wanauliza mgongo unaendeleaje.

Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu. Coaster inanguruma chini ya mwembe, kuku wako chini ya siti, kina mama wanaimba. Mbele ya dereva kuna chupa ya maji tu. Kaunta buku imefungwa kwa mpira kwenye keria ya baiskeli, ndani ya mfuko wa nailoni kwa ajili ya vumbi, na mwinjilisti, akimaliza kushika mikono, anaanza na nyumba iliyo nyuma ya mashine ya kusaga, maana mwenyewe huwahi shamba.